Kompyuta Imegoma Kuwaka? Anzia kwenye Betri, Boksi Lingoje

Kabla hujalifunga boksi la kompyuta kwenye pikipiki ulishushe mjini Baraka kwa fundi, fuata kwanza njia ya umeme tangu unakotoka. Huku Bibokoboko hakuna nguzo ya SNEL, shirika la umeme la taifa. Umeme wa Ruzizi unaowasha taa za Bukavu na Uvira haupandi milima hii ya Fizi. Mashine za sekretaria, za shule, za kituo cha afya na za kanisa zinakula jua lililowekwa kwenye betri, au zinaitegemea gurupe inayonguruma nyuma ya nyumba. Ndiyo maana kompyuta inayosemwa imekufa huku juu mara nyingi ni nzima. Kilichokufa, au kilichochoka, kiko nje ya boksi. Mwenye mashine akilibeba boksi peke yake hadi mjini, litawaka vizuri mezani kwa fundi, atalipa, atapanda nalo tena, na jioni litagoma palepale lilipogomea mwanzo.

Miongozo mingi ya kompyuta inaanzia ndani ya boksi. Imeandikwa na watu ambao soketi ya ukutani haijawahi kuwadanganya. Sisi tuanzie nje, na boksi tulifungue tukishajua kwamba kosa ni lake.

Tazama kwanza mashine inagoma namna gani. Kuna ile ambayo ukibonyeza kitufe haifanyi lolote: hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Kuna ile ambayo feni inazunguka na taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Na kuna ile inayoamka sekunde mbili tatu kisha inazima, pengine ikirudiarudia hivyo yenyewe. Ya kwanza ni kesi ya umeme karibu kila mara. Ya pili umeme umeshafika, hivyo usipoteze muda kwenye betri. Angalia kebo ya skrini, halafu ruka hadi kwenye habari za ramu hapo mbele. Ya tatu ndiyo yenye hila, kwa sababu inaweza kuwa umeme dhaifu, inaweza kuwa shoti, na pia inaweza kuwa feni ya prosesa iliyokwama.

Betri, waya, konvertisa

Mazungumzo ya simu kati ya mkuu wa shule na fundi kwa kawaida huenda hivi:

— Fundi, mashine ya shule imekataa kuwaka tangu asubuhi.

— Pole, Prefe. Betri inasoma ngapi?

— Betri haina shida. Hata simu za walimu zinachaji.

— Simu hazitoshi kuwa shahidi, Prefe. Weka multimita kwenye betri, mwambie mtu abonyeze kitufe, uniambie namba ya wakati ule anabonyeza. Ya kabla ya hapo siitaki.

Fundi ana haki ya kung'ang'ania. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.7. Ikiwa imebaki nusu inasoma 12.2 hivi, na ikifika 11.9 kuna kidogo sana kilichosalia. Lakini hizo ni namba za betri isiyofanya kazi. Betri iliyozeeka inaweza kusoma 12.5 ikiwa imekaa, na ukiitwika mzigo ikaporomoka hadi 10 kwa sekunde moja. Konvertisa nyingi, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, hulia zikiona volti zinakaribia 11, na hujikata karibu 10.5. Simu inayochaji inavuta wati chache, kwa hiyo haiwezi kufichua unyonge huo. Chaja ya simu yenyewe imetengenezwa ifanye kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Itawaka hata pale ambapo kompyuta haiwezi.

Piga hesabu ndogo. Kompyuta ya ofisi ya kizamani pamoja na skrini yake hula wati 80 hadi 150. Tuseme 120. Upande wa betri, ukiongeza kinachopotea ndani ya konvertisa, hizo ni ampea 11 na zaidi kidogo. Sasa angalia waya. Watu wengi huivuta konvertisa hadi kwenye meza ya kazi ili iwe karibu na kompyuta, na betri wanaiacha kwenye kona au chumba cha pili, wakaunganisha kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, uleule wa kufungia prizi za nyumba. Waya huo ukiwa na urefu wa mita tano, yaani mita kumi kwenda na kurudi, unameza karibu volti 0.8 kwenye ampea hizo. Betri inayotoa 11.8 inafika kwenye konvertisa ikiwa 11. Mvuto wa ghafla wa pawasaplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya boksi, inapowashwa unakuwa mkubwa zaidi, namba inazama chini ya 10.5, konvertisa inakata, na wewe unasema kompyuta imeungua.

Dawa yake haina gharama. Isogeze konvertisa ikae karibu kabisa na betri, waya wa kati yao usizidi mita moja, halafu urefu wote uuvute upande wa volti 220. Upande huo kompyuta ileile inavuta nusu ampea tu, na mita kumi za ralonji haziidhuru.

Pima sehemu mbili wakati kitufe kinabonyezwa: kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye skurubu za konvertisa. Betri ikibaki juu na konvertisa ikapata kidogo, kosa ni waya au kiungo kilicholegea. Kiungo hicho utakijua pia kwa mkono, kwa sababu kinapata joto. Betri yenyewe ikiporomoka, kosa ni betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, fungua, sugua kwa brashi na maji ya moto yenye soda ya kuokea, kausha, kaza, paka grisi. Soda isiingie ndani ya betri. Wenye betri za lithiamu wajue kwamba volti zake hazishuki polepole kama za risasi. Inasoma 13 na kitu karibu hadi mwisho, kisha inajizima ghafla, kwa hiyo namba ya mapumziko haikuambii mengi.

Konvertisa nayo usiiamini kwa maandishi ya kwenye ngozi yake. Ile ya bei ndogo iliyoandikwa wati 1000 mara nyingi inataja nguvu ya kufumba na kufumbua. Mimi nikinunua hugawa kwa mbili.

Kuna mtego mwingine hapa ambao umewapotosha hata mafundi. Konvertisa za bei ndogo hazitoi umeme wenye wimbi laini. Zinatoa wimbi la ngazi, linalopanda na kushuka kwa kuruka. Multimita ya kawaida imepangwa kwa wimbi laini, hivyo ukiipima konvertisa kama hiyo inaweza kukuonyesha 170 au 180 wakati konvertisa iko sawa kabisa. Usiitupe kwa sababu hiyo. Badala yake ipe mzigo unaofanana na kompyuta: balbu ya zamani ya waya ya wati 100, au televisheni. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, konvertisa inafanya kazi. Lakini ujue pia kwamba pawasaplai za kisasa, hasa zile zenye saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme, baadhi hazipatani na wimbi la ngazi. Zinatoa mvumo, zinajizima, au zinakataa kuamka kabisa. Mashine ya namna hiyo ukiipeleka mjini kwenye umeme mzuri itawaka, na ukiirudisha itagoma. Hapo hakuna kilichoharibika; inahitaji konvertisa ya wimbi laini, ambayo bei yake ni kubwa na inastahili.

Ikiwa ni gurupe

Jenereta ndogo zina tabia ya kupanda na kushuka. Ukiiwasha, iache itulie dakika mbili tatu bila kitu, ndipo uchomeke kompyuta. Mafuta yakikaribia kwisha injini hukohoa, volti zinashuka na kupanda kama mtu anayecheza na koki, na pawasaplai nyingi huungulia hapo. Zima kompyuta na uchomoe kabla ya kuzima gurupe, si baada. Na mtu akiwa anachomelea au anasaga mahindi kwenye gurupe hiyohiyo, kompyuta ingoje zamu yake.

Kabla ya kuendelea, iwe unatumia betri au gurupe, geuza boksi uangalie nyuma. Pawasaplai nyingi zina swichi ndogo yenye alama ya I na O. Watoto na wafagiaji huigusa bila kujua, na lazima iwe kwenye I. Zile za kizamani zina swichi nyingine, aghalabu nyekundu, yenye namba 115 na 230. Kompyuta za mitumba zilizotoka Marekani zinaweza kufika zikiwa kwenye 115. Huku kwetu lazima iwe 230. Ukiichomeka kwenye volti 220 ikiwa 115, itatoa mlipuko mmoja na moshi, na pawasaplai hiyo imekwisha. Wapo wanaoshauri kwamba gurupe ikiwa dhaifu uiweke 115 ili "kuisaidia" mashine. Usithubutu. Gurupe ikipata nguvu sekunde moja tu, kapasita zilizotengenezwa zivumilie volti 200 kila moja zinapokea zaidi ya 300.

Halafu kebo. Kebo ya umeme ya kompyuta na ile ya skrini kwa kawaida ni sawasawa, hivyo zibadilishane. Skrini ikizimika baada ya kupewa kebo ya kompyuta, umempata mkosaji. Multiprizi nayo iruke: chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye konvertisa. Ndani ya multiprizi za bei ya chini vile vibati hulegea, huungua vikawa vyeusi, na taa yake nyekundu inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna jambo.

Ukigusa boksi ukahisi linakutekenya vidole, hiyo haimaanishi kuna shoti. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi, na plagi yenye miguu mitatu imechomekwa kwenye prizi ya matundu mawili. Chujio la ndani ya pawasaplai linasukuma umeme mdogo kwenye bati. Ukiweza kuzika fimbo ya chuma nje na kuiunganisha na waya wa ardhi wa prizi, fanya hivyo, lakini hiyo siyo sababu ya mashine kugoma.

Jaribio la kitufe

Chomoa kebo ya umeme. Chomoa pia skrini, flashi, printa, kipanya, kibodi, kila kitu. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde ishirini huku hakuna umeme. Chaji iliyobaki ndani inaisha. Ngoja dakika chache, rudisha kebo ya umeme peke yake, ujaribu. Linaonekana kama mazingaombwe, lakini mashine nyingi zilizojifunga baada ya umeme kuyumba hufunguka hapo.

Wakati umechomoa, chungulia matundu ya USB ya mbele kwa tochi ya simu. Ndani ya kila tundu kuna ulimi wa plastiki wenye vibati vinne vya dhahabu. Flashi ikisukumwa kwa nguvu au kinyume, ulimi huo huvunjika na vibati vinagusana. Bodi kuu ikiona shoti hiyo inakataa kuwaka kabisa, au inawaka na kuzima. Kwenye sekretaria, ambako kila mteja anakuja na flashi yake, ningetazama hapo kabla ya kugusa skurubu yoyote. Kama ulimi umevunjika, utafungua boksi na kuuchomoa waya unaokwenda kwenye USB za mbele; zile za nyuma zitatosha.

Na radi je? Watu wa Kivu hawahitaji kuhubiriwa habari ya radi, ila namba ni hizi: watafiti waliotumia data za setilaiti za kati ya 1998 na 2013 walichapisha mwaka 2016 orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa Kabare, mkoa huuhuu wa Kivu Kusini, ikiwa na radi kama 205 kwa mwaka kwa kila kilomita moja ya mraba. Mapigo yasiyokugusa nayo yana madhara, kwa sababu waya mrefu wa paneli juu ya bati, au wa antena ya intaneti, unaokota nguvu yake na kuileta ndani. Kama mashine iligoma asubuhi baada ya usiku wa ngurumo, anza kwa kuichomoa kebo ya mtandao na kujaribu bila hiyo, na uitazame konvertisa kabla ya kompyuta, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyosimama mbele.

Sasa fungua

Umeme umeupima, kebo umebadilisha, kitufe umekishikilia, na bado kimya. Chomoa kebo, laza boksi ubavu, fungua ubao wa upande. Gusa bati tupu la boksi kabla ya kugusa cha ndani, ili chaji ya mwili wako ishukie huko. Ile pawasaplai, kisanduku cha bati chenye feni yake, usiifungue hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na hazisahau haraka.

Utakachokiona kwanza ni vumbi. Mashine iliyokaa Baraka kando ya barabara hujaa vumbi jekundu. Iliyokaa milimani hujaa masizi ya moshi wa kuni, na hayo ni mabaya zaidi kwa sababu yana mafuta na yanashika unyevu. Utakuta pia mende, mayai ya mjusi, waya uliotafunwa na panya. Tumia brashi laini ya kupakia rangi. Ukienda kwa wajaza upepo wa pikipiki, waambie watoe kwanza maji yaliyokaa kwenye tangi, na wewe uzuie feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza.

Nusa. Harufu ya kuungua hukaa siku nyingi. Tazama zile kapasita zilizosimama kama vikopo vidogo karibu na prosesa. Kichwa cha kila moja kiwe bapa. Kikivimba, au kikitoa ute wa kahawia, bodi hiyo ni mgonjwa. Ugonjwa huu una historia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilitapakaa katika viwanda vingi, na Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo ya OptiPlex za GX270 na GX280. Fundi mwenye mkono mzuri na chuma cha kuchomelea huweza kuzibadilisha.

Kisha ramu. Fungua vishikizo vya pembeni, itoe, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha shule, pangusa, irudishe hadi vishikizo visikike vikibana, kushoto na kulia. Mashine iliyopanda mlima kwenye pikipiki, au iliyobebwa mgongoni watu walipokimbia vita, imetikisika kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Ramu hulegea, kebo ya prosesa hulegea. Hii ndiyo tiba ya kwanza ya ile mashine yenye feni inayozunguka na skrini nyeusi. Kama boksi lina kispika kidogo ndani, jaribu kuwasha bila ramu kabisa. Ikilia bip, furahi: bodi na prosesa ni hai na zinalalamikia kilichokosekana.

Angalia waya mbili za umeme zinazoingia kwenye bodi. Ule mpana una pini 24, au 20 kwa mashine za zamani. Mwingine mdogo wa mraba, wenye pini 4 au 8, uko karibu na prosesa. Watu husahau huo mdogo. Ukikosekana, feni zitazunguka na hakuna zaidi.

Betri ndogo bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, mara chache ndiyo inayozuia mashine kuwaka, ila huku kwetu inakufa mapema. Kompyuta iliyochomekwa mchana kutwa na usiku kucha haiitumii sana. Yetu tunaichomoa kila jioni, na betri hiyo ndiyo inayoshika saa peke yake. Ikifa, tarehe inarudi miaka nyuma na mashine inasimama mwanzoni ikisubiri ubonyeze kibodi. Ukikuta inasoma chini ya 2.7, badilisha na usilipe zaidi ya bei ya betri kwa kazi hiyo.

Kitufe chenyewe pia huchakaa. Fuata waya zake mbili nyembamba hadi kwenye bodi, karibu na maandishi PWR_SW au PWRBTN. Zichomoe, rudisha kebo ya umeme, na uguse pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Hapo kuna volti chache tu, haziumi. Mashine ikiamka, kitufe ndicho kibovu. Chukua waya wa kitufe cha kuanzisha upya, uuchomeke pale, uendelee na kazi.

Pawasaplai peke yake

Kipimo hiki ndicho kinachoamua kama safari ya Baraka ni ya pawasaplai au ya bodi. Mpangilio wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, umeweka rangi za waya zilezile, kwa hiyo unasomeka hata kwenye mashine ya kale. Lakini Dell, HP na Lenovo za miaka ya karibuni nyingi zina viunganishi vyao, vyenye pini 6 au 8 au 10. Kwa hizo usijaribu ninayoyasema hapa. Dell kadhaa zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma ya pawasaplai, pembeni ya taa: kibonyeze kebo ikiwa imechomekwa, na taa ya kijani ikiwaka pawasaplai inapumua.

Kwa ATX ya kawaida, chomoa kiunganishi cha pini 24 kutoka kwenye bodi na kila kingine, acha feni moja au sidii ya zamani iwe mzigo. Chomeka kebo na pima kwanza waya wa zambarau dhidi ya mweusi wowote: lazima uwe na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Usipokuwa nazo, umemaliza. Pawasaplai ni mfu. Zikiwepo, chomoa kebo, kunja kipande cha waya au kibanio cha karatasi, ingiza ncha moja kwenye pini ya waya wa kijani, upo mmoja tu, na nyingine kwenye mweusi wa jirani. Hakikisha tena rangi kabla ya kuchomeka. Chomeka. Feni ikizunguka, pima: njano kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Namba zikiwa nje ya hapo, ibadilishe. Zikiwa ndani na bodi bado kimya, lawama imehamia kwenye bodi, ingawa pawasaplai dhaifu inaweza kufaulu mtihani huu mwepesi na kuanguka mbele ya mzigo kamili. Ukiweza kuazima pawasaplai nzima ya jirani kwa nusu saa, hiyo ni hukumu bora kuliko multimita.

Ikiwa kila ukichomeka konvertisa inakata au fyuzi inaungua, acha. Usifunge uzi wa shaba badala ya fyuzi. Betri ya sola ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuichoma nyumba.

Ikibidi kushuka

Toa kwanza diski. Skurubu nne na kebo mbili, iweke sandukuni kwako. Fundi anayetafuta kosa la umeme haihitaji, na ndani yake kuna matokeo ya wanafunzi au majina ya wagonjwa ambayo hayana kazi mjini. Funga boksi katika blanketi, lilazwe ubavu, bodi ikiwa upande wa chini, ili isivutwe na uzito wa prosesa na feni yake barabarani.

Likifika Baraka, lisichomekwe mara moja. Boksi lililotoka kwenye baridi ya milimani likaingia kwenye joto la kando ya ziwa hutokwa jasho ndani, matone madogo juu ya bodi ambayo huyaoni ukiwa nje. Lifunguliwe ubavu, likae saa tatu nne, ndipo liguswe. Mtu asiyejua hili anaweza kuiua mashine iliyokuja na kosa dogo.

Tuma na karatasi. Andika inagoma namna gani kati ya zile tatu, ilianza lini na kulikuwa na nini siku hiyo, mvua, gurupe kuisha mafuta, mgeni na flashi. Andika volti za betri kabla na wakati wa kubonyeza, aina ya konvertisa na wati zake, na namba za nyaya za rangi kama ulizipima. Fundi akikuta hayo hataanza kwa kukuuzia Windows mpya. Na kama pawasaplai ndiyo uliyoithibitisha kuwa mbovu, bodi ibaki nyumbani: tuma hiyo pawasaplai peke yake, kwa sababu fundi anahitaji kuona umbo lake, matundu ya skurubu zake na viunganishi vyake ili asikuletee kutoka Uvira ya kimo kisichoingia kwenye boksi lako.